Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Bonde la Msimbazi: watoto wapate pa kuchezea maji, na mtunzaji wa maji hayo apatikane kwanza

Kwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Wastahiki Meya na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni na Ubungo. Waratibu wa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Na Mtendaji Mkuu wa DAWASA.

YAH: ENEO LA WATOTO KUCHEZEA MAJI KATIKA BUSTANI YA MSIMBAZI

Waheshimiwa,

Kwa miaka mingi Bonde la Msimbazi limezungumzwa kama balaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini na kuzipeleka familia nyingi Mabwepande. Yale ya Aprili 2018 yaliifunga tena barabara ya Jangwani. Na kila masika abiria wa mwendokasi wanajua maana ya kuambiwa kwamba Jangwani hapapitiki. Tangu mwaka 2022, kwa fedha za Benki ya Dunia pamoja na za Uholanzi na Hispania, bonde hilo limeingia katika mradi ambao, mbali na daraja jipya na kupanua njia ya mto, unakusudia kuligeuza eneo la chini kuwa bustani ya jiji. Naandika nikiwa mkazi wa Magomeni niliyefanya kazi ya afya ya mazingira kwa muda mrefu, kuomba kwamba ndani ya bustani hiyo patengwe eneo la watoto kuchezea maji, lisilo na kiingilio, na kwamba usanifu wake uanze na mtu atakayelitunza na fungu la kumlipa, ndipo zifuate pampu, mabomba na rangi.

Mpangilio huo nausisitiza kwa sababu mara nyingi tumezoea kuanzia mwisho. Chemchemi ya mapambo hujengwa, hukatiwa utepe, hurusha maji mbele ya wageni, kisha baada ya misimu miwili linabaki beseni la zege lenye chupa za plastiki na viluwiluwi vya mbu. Chemchemi ya mapambo ikifa, hasara yake ni fedha na aibu. Eneo la watoto kuchezea maji likifa nusu, yaani pampu ikaendelea kuzungusha maji huku dawa imekwisha, linaumiza watu.

Haja ipo, na haihitaji utafiti mrefu kuionyesha. Watoto wa Kigogo, Mchikichini, Hananasif na Jangwani hawatungoji sisi. Wanaingia mtoni, wanaingia kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga, wanacheza kwenye mifereji mvua inaponyesha, na siku za sikukuu wanafuata bahari hata kama hawajui kuogelea. Kila zinapokaribia Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, Jeshi la Polisi huwatahadharisha wazazi kuhusu fukwe na hupiga marufuku disko toto, na wengi wetu tunakumbuka vifo vya watoto katika ukumbi wa disko mjini Tabora siku ya Idi mwaka 2008. Sina ugomvi na tahadhari hizo. Lakini marufuku inayorudiwa mwaka hadi mwaka bila mbadala inamwambia mtoto asikoruhusiwa kwenda na kumwacha atafute mwenyewe pa kwenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto. Bustani za maji za kulipia zipo, na wenye uwezo huwapeleka watoto wao, ila kiingilio cha familia moja ni bajeti ya chakula ya siku kadhaa kwa nyumba nyingi zinazopakana na bonde hili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya tisa katika kila kumi ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, kwa kuwa akianguka kifudifudi hana nguvu ya kujiinua. Kwa sababu hiyo siombi bwawa la kuogelea. Bwawa linataka waokoaji wenye mafunzo muda wote linapokuwa wazi, uzio, na vipindi vya kufundisha kuogelea, na lina nafasi yake mahali pengine. Ninachoomba ni sakafu ya maji: sakafu tambarare ambayo maji huruka kutoka chini na kudondoka kutoka juu, watoto wakapita katikati yake, na maji hayo yakaondoka hapo hapo kupitia mifereji yenye vifuniko bila kutuama hata kidogo. Mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita unatosha kuyaondoa. Kutotuama kunatusaidia mara mbili, kwani jiji hili lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengue hupenda maji safi yaliyosimama, hata yakiwa kiasi cha kujaza kifuniko cha ndoo.

Hapa naomba Waheshimiwa mnivumilie, maana sehemu inayofuata ndiyo ambayo wasanifu wa majengo huipitia haraka, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Sakafu ya maji huondoa hatari ya kuzama, lakini haiondoi hatari ya magonjwa. Kwa namna fulani huiongeza. Maji machache yanazungushwa mara nyingi, yanapita juu ya miili ya watoto wengi wadogo, baadhi yao wakiwa bado wamevaa nepi, yanarushwa hewani kama mvua laini, na jua kali linaila klorini kwa kasi kubwa kuliko ndani ya bwawa lenye kina. Watoto nao hukaa juu ya matundu ya maji na kuyanywa kwa kinywa. Nchini Marekani, ambako sakafu hizi zimeenea, Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vilihesabu milipuko 60 iliyohusishwa nazo kati ya mwaka 1997 na 2022, na wagonjwa zaidi ya 10,000. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya wagonjwa hao walitokana na kimelea kimoja kinachoitwa kriptosporidiamu, ambacho husababisha kuharisha kwa muda mrefu na ni hatari kwa mtoto mwenye utapiamlo au mtu mwenye kinga dhaifu.

Kimelea hicho ndicho kinachopaswa kuamua namna ya kusanifu. Katika maji yenye klorini ya miligramu moja kwa lita, bakteria wengi wa kuharisha hufa ndani ya dakika chache, wengine ndani ya dakika moja. Kriptosporidiamu huweza kuishi humo zaidi ya siku kumi. Maana yake ni kwamba mtunzaji anaweza kuweka dawa sawasawa, akapima na kuandika sawasawa, na bado maji yake yakaugua. Mwaka 2005 maelfu ya watu waliugua baada ya kutembelea sakafu ya maji katika bustani ya Seneca Lake, jimbo la New York, na jimbo hilo likaweka kanuni za kuzitaka sakafu hizo ziwe na taa za miale ya urujuanimno, ambayo hukiua kimelea hicho wakati maji yanapopita mbele yake. Kwa hiyo kama bustani ya Msimbazi itakuwa na maji ya kuzungushwa, taa hiyo isihesabiwe kama pambo linaloweza kuondolewa bajeti inapobana. Chujio, klorini na taa ni kitu kimoja, na ikikosekana mojawapo, maji yasizungushwe.

Upimaji nao una historia yake. Mwaka 2021, katika mji wa Arlington jimboni Texas, mtoto alifariki baada ya kuambukizwa amiba adimu anayeshambulia ubongo, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wafanyakazi wa bustani za mji huo hawakuwa wakiandika vipimo vya maji kila siku, na siku nyingine hawakupima kabisa kabla ya kufungua. Mji wenye maabara na mafundi wa kutosha uliponzwa na daftari lisilojazwa. Kwetu kifaa cha kupimia klorini na tindikali ya maji si cha ajabu wala si cha bei ya kutisha, na maofisa afya wa kata wanakifahamu. Naomba utaratibu uwe kwamba maji hayafunguliwi asubuhi mpaka kipimo kimefanywa na matokeo yake yameandikwa kwenye ubao ulio langoni, kwa herufi ambazo mzazi anaweza kuzisoma akiwa amesimama nje: klorini kiasi gani, saa ngapi, nani kapima. Ubao ukiwa mtupu, lango halifunguki. Kipimo kirudiwe mchana, kwa sababu klorini isiyo na kinga dhidi ya jua inaweza kupungua kwa nusu katika muda usiozidi saa moja, na jua la Januari mnalijua. Dawa za kuikinga klorini na jua zipo, lakini zikizidi huifanya iwe mvivu wa kuua vijidudu. Kivuli ni kinga bora zaidi, na kinawafaa watoto na walezi pia.

Kuhusu kivuli, niseme neno kuhusu miti. Wasanifu wetu wanaupenda mkungu kwa sababu matawi yake hutanda kama mwavuli, na mimi naupenda vilevile, lakini mkungu hupukutisha majani mapana na kudondosha kungu zinazoleta popo, na vyote hivyo vitaishia ndani ya chujio. Upandwe pembeni, upande ambao upepo hautaleta majani kwenye sakafu, na juu ya sakafu yenyewe iwekwe paa la turubai imara au la mabati mepesi.

Chanzo cha maji kisiwe mto wala kisima kifupi. Mto Msimbazi unapokea majitaka ya makazi na ya viwanda, na visima vifupi vya maeneo haya vinachangia ardhi na vyoo vya shimo. Maji baridi yenye konokono huleta kichocho, ugonjwa unaoingilia ngozi, na Tanzania bado ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kichocho barani Afrika. Naandika hili wazi kwa kuwa pendekezo la kuchepusha maji ya mto, kuyachuja kwa mchanga na mimea na kuyaleta kwa watoto linavutia sana kwenye michoro. Mimea ya majini inaweza kusafisha maji ya kumwagilia bustani, lakini haiwezi kumhakikishia mama wa mtoto wa miaka mitatu.

Sasa nije kwenye hoja nzito zaidi ya wapinzani wa wazo hili, ambayo naiheshimu. Watauliza, ni haki gani watoto wachezee maji wakati wapo wakazi wanaoamka alfajiri kupanga ndoo? Mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, DAWASA ililazimika kutangaza mgawo, na jiji zima likajua jinsi mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inavyotegemea mvua za mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kufika. Bwawa la Kidunda, lililokusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, limesubiriwa kwa miongo mingi. Hoja hii haijibiwi kwa maneno matamu kuhusu furaha ya watoto. Inajibiwa kwa hesabu.

Tuchukue sakafu ya kawaida yenye matundu 20, kila tundu likitoa lita 15 kwa dakika. Hizo ni lita 300 kwa dakika, lita 18,000 kwa saa, na kwa siku ya saa sita ni lita 108,000, yaani ndoo 5,400 za lita 20. Sakafu ya namna hiyo ikimwaga maji yake moja kwa moja mtaroni, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuipinga. Ikiyakusanya, kuyachuja na kuyarudisha, kinachopotea kila siku ni kile kinachokauka kwa jua, kinachoondoka na nguo za watoto na kinachotumika kuosha chujio, ambacho ni sehemu ndogo ya kiasi hicho. Kisha yawekwe matundu yanayofunguka mtoto anapobonyeza kitufe na kujifunga yenyewe baada ya dakika chache, ili maji yasiruke kwa ajili ya kunguru. Mvua nayo tunayo: paa la mita za mraba 400, likijumuisha vyoo, ofisi na vivuli, likipokea mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hukusanya zaidi ya lita 300,000 hata baada ya kuondoa zinazopotea. Mvua hiyo ikihifadhiwa kwenye matanki itasukuma vyoo na kuosha sakafu, na kupunguza kinachotoka bombani. Maji ya kuoshea chujio, yakisubiri klorini ipungue, yamwagilie nyasi ambazo hazikanyagwi na watoto.

Naongeza masharti mawili ambayo kwangu ni ya haki zaidi kuliko ya kiufundi. Mahali hapo pawe na kioski cha majisafi kwa ajili ya wakazi wa jirani, kikiunganishwa na bomba lile lile, ili mtu asije akaona maji yanaruka ndani ya uzio huku yeye ana dumu tupu. Na siku mgawo unapotangazwa, sakafu ifungwe ya kwanza kabla bomba la mtaa wowote halijafungwa, na jambo hilo liandikwe ndani ya makubaliano na DAWASA badala ya kuachiwa busara ya msimamizi wa siku hiyo.

Mchezo na maji ya matumizi visichanganywe kwa namna nyingine yoyote. Tunao mfano wa Kiafrika wa kutuonya. Mwaka 2006 bembea ya kuzunguka inayosukuma maji ya kisima, iliyojulikana kama PlayPump, iliahidiwa dola milioni 16.4 za Kimarekani ili isambazwe kusini na mashariki mwa Afrika kwa maelfu. Watoto wangecheza, na tanki la kijiji lingejaa. Ndani ya miaka michache mpango ulikwama. Zilipoharibika, vijiji vilisubiri fundi kwa miezi. Pasipo na watoto wa kuzungusha, wanawake watu wazima walibaki kuisukuma bembea kwa mikono. Na katika baadhi ya maeneo pampu za mkono zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa zimekwisha kung'olewa kuipisha. Waliobuni hawakuwa watu wabaya. Walisanifu chombo bila kumsanifu fundi.

Durban nako kuna funzo, na ni la pande mbili. Manispaa ya huko imekuwa na mabwawa mafupi ya watoto kando ya ufukwe, ya bure, na familia za mbali na pwani huyafuata siku za mapumziko. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba jambo hili ni la miji ya Ulaya pekee. Lakini mafuriko ya Aprili 2022 yalipoharibu mitambo ya majitaka, fukwe za mji zilifungwa kwa muda mrefu na watu wakawa wanafuatilia matokeo ya vipimo vya maji kabla ya kutoka nyumbani. Bonde letu ni bonde la mafuriko pia. Sakafu ya maji ikijengwa chini, kila masika italetewa tope lenye vinyesi. Ijengwe katika sehemu zitakazonyanyuliwa kwa kifusi, udongo wake ukiwa umepimwa, na nyumba ya pampu na swichi zote za umeme ziwe juu ya kimo cha mafuriko makubwa tunayoyajua. Tanki lisizikwe bila kufungwa kwenye zege zito, kwa kuwa tanki tupu katika ardhi iliyojaa maji huinuka na kukata mabomba. Baada ya mafuriko yoyote kufika eneo hilo, pafungwe hadi afisa afya aliyetajwa kwa cheo chake atakapotia saini.

Mambo ya ujenzi mengine nitayapitia upesi, kwa kuwa mafundi wanayajua na wanachohitaji ni kutopunguziwa. Sakafu isiwe ya vigae vinavyong'aa, ambavyo vikilowa huvunja mifupa. Zege lililopitishwa brashi, la rangi ya kupauka ili lisiunguze nyayo saa saba mchana, linatosha. Maji yasirushwe kwa nguvu ya kuumiza jicho. Mahali pampu inapofyonza maji pasifikike na mtoto kabisa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 kuhusu vifuniko vya mabomba ya kufyonza, baada ya mtoto wa miaka saba kunaswa na kufa. Pawepo kifaa cha kukata umeme papo hapo unapovuja. Klorini ya unga na tindikali zisikae chumba kimoja, maana zikikutana hutoa hewa ya sumu, na stoo ya dawa isigeuzwe mahali pa kuhifadhia mifagio na kandambili za mlinzi.

Vyoo, hata hivyo, sitavipitia upesi. Ninyi mnajua, nami najua, kwamba katika maeneo mengi ya wazi jijini choo ndicho kitu cha kwanza kufungwa kwa kufuli na cha mwisho kukarabatiwa. Kwenye sakafu ya maji choo ndicho chujio la kwanza. Kikiwa mbali, kichafu au cha kulipia, mtoto atajisaidia pale pale alipo, na hakuna mtambo utakaofidia hilo. Kiwe hatua chache kutoka kwenye maji, chenye matundu ya kimo cha watoto, mahali pa kubadilishia nepi, sabuni, na bomba la kunawa mwili kabla ya kuingia, na kiwe bure. Bango la langoni liseme kwa Kiswahili chepesi na kwa picha kwamba mtoto anayeharisha asiingie mpaka wiki mbili zipite tangu apone.

Wasichana wasizuiwe kwa kanuni za mavazi zilizoiga mabwawa ya hoteli. Kule Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya stara, na hakuna aliyedhurika na kitambaa. Kwenye sakafu isiyo na kina, mtoto acheze na gauni lake, suruali yake au hijabu yake, mradi nguo ni safi. Kiti cha magurudumu kiweze kufika katikati ya maji bila ngazi, na baadhi ya vitufe viwe vya kimo cha aliyeketi. Sakafu tambarare ina uzuri huo, kwamba mtoto mwenye ulemavu hahitaji mlango wake wa pembeni.

Kwa kata zisizo na nafasi wala uwezo wa mtambo, nashauri kitu kidogo zaidi, ambacho kwa kweli nakipenda kuliko sakafu yenyewe. Ni pampu ya mkono iliyounganishwa na tanki dogo la majisafi ya DAWASA, inayomwaga maji kwenye mifereji ya zege ya kina cha kiganja, yenye vilango vya mbao, magurudumu na njia panda, watoto wakayapeleka watakako mpaka yaishie kwenye mizizi ya miti. Hakuna umeme, hakuna kuzungusha, na maji yanayotumika ni yale tu ambayo mikono ya watoto imeyapandisha. Mtoto anayejenga bwawa la tope na kulibomoa anajifunza kuhusu mteremko na mkondo mambo ambayo mwalimu angechukua kipindi kizima kuyaeleza. Nafasi ndogo karibu na ofisi ya serikali ya mtaa ingetosha, kama ile iliyopo haijamegwa na vibanda.

Narudi kwa mtunzaji. Kanuni zetu za ununuzi wa umma zinataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za serikali itengwe kwa vikundi maalumu vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa mitaa inayopakana na bonde, kilichofundishwa kupima maji, kuosha chujio, kutoa huduma ya kwanza na kuwakalisha chini watoto wakubwa wanaowasukuma wadogo, kinaweza kupewa mkataba wa utunzaji unaolipwa kila mwezi kwa kazi iliyofanyika na daftari lililojazwa. Sipendekezi kwamba waishi kwa kuuza vinywaji na kukodisha maboya; siku biashara ikiwa mbaya, dawa ndiyo itakayoachwa kununuliwa. Kodi ya vibanda vya chakula vya bustani iingie katika akaunti ya bustani, vipuri vya pampu na taa viwekwe stoo tangu siku ya kukabidhiwa, na mjenzi abaki na wajibu wa matengenezo kwa miaka mitatu ya mwanzo huku akifundisha kikundi hicho.

Ninachoomba kifanyike sasa ni kwamba michoro ya bustani ibandikwe katika ofisi za kata zote zinazopakana na bonde, ikiwa na jedwali la gharama za utunzaji wa miaka mitano kando ya gharama za ujenzi, na cheo cha ofisa atakayewajibika kwa kila kipimo cha maji. Wazazi, na watoto wenyewe kupitia mabaraza yao, wapewe muda wa kutoa maoni kabla ya zabuni. Iwapo fungu la utunzaji halitapatikana katika bajeti hii, sakafu ya maji isijengwe. Sehemu hiyo ipandwe nyasi na miti, mabomba ya chini yaachwe yamelazwa na kuzibwa, na watoto wa chandimu waitumie hadi fungu litakapopatikana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Magomeni,
Dar es Salaam

Nakala: Wenyeviti wa serikali za mitaa na maofisa afya wa kata zinazopakana na Bonde la Msimbazi.